Papa amemfukuza mdogo wangu, namna gani nimrudishe bila kumuumiza tena?

Yaya_wa_Ndosho (Goma)

Jambo wandugu. Samahani nitaandika mrefu, naandika usiku, umeme hakuna na telefone iko karibu kuzima, kwa hiyo mtanivumilia na makosa.

Kwetu tuko watoto 5, mimi ni wa kwanza, huyu ninayemsemea ni wa tatu, ana miaka 21. Alizaliwa wakasema ni mtoto mwanaume, akapewa jina la babu mzaa papa, na kwa jamaa yetu hilo ni jina kubwa sana. Lakini tangu akiwa mdogo kabisa alikuwaka anasema yeye ni msichana, na hakusemaka kwa kucheza. Alipokuwa na miaka 6 alifunga kitenge cha mama kifuani akaenda nacho kwenye robine, bomba la maji, pamoja na wasichana wa avenue, akarudi na bidon yake ndogo ya maji kichwani, hakumwaga hata tone, na mama akaanza kumpiga palepale mlangoni bidon ikiwa bado kichwani. Mimi nilikuwa ndani nikaona yote, sikusema kitu, nilikuwa mtoto na mimi.

Mimi namwitaka tu mdogo wangu. Kiswahili chetu kinanisaidia sana hapo, mdogo wangu haisemi kama ni kijana ao msichana, na yeye ananiita yaya, yaani mkubwa wake, basi maisha yanaenda. Shida inaanza mtu akileta Kifaransa chake, ao akisema "kaka yako yuko wapi". Uso wake unafunga hapohapo kama dirisha.

Oktoba 2024 papa alikuta picha kwenye telefone yake, amevaa perike, zile nywele za bandia, na robo, yaani gauni. Kesho yake kaka yetu wa pili akaja na mchungaji na wamama watatu wa maombi. Wakasema ni roho ya mamiwata, jini la maji. Wakamweka mu chumba cha maombi siku 9, siku za kwanza hata maji walimpa kidogo tu, na walipomtoa walimkalisha kwenye kiti uani wakamkata nywele na mkasi wa kushonea, zile rasta alizosukwa na rafiki yake, mbele ya majirani. Pepo "halikutoka", kwa hiyo papa akasema mtu mwenye jina la baba yangu hawezi kuvaa robo kwa nyumba yangu, akaweka sakoshi yake, begi la nguo, nje ya parseli, kiwanja chetu, mvua ikinyesha. Mama hakusema neno. Lakini jioni nilimwona anaokota zile rasta kwenye mawe, moja moja, akaziweka mu sashe, mfuko wa plastiki, na kuziweka chini kabisa ya sanduku lake la vitenge. Ziko pale hadi leo.

Sasa analala Birere, hapa hapa Goma, kwa rafiki yake fundi wa kushona, chumba cha mbao, watu watatu kitanda kimoja. Wiki iliyopita vijana wa parking walimpasulia bluzi, wakachukua telefone, wakamwita pede, yaani shoga, na matusi mengine siwezi kuandika hapa. Papa amesema atakayempelekea chakula na yeye atoke. Mimi nampelekeaka, kwa kujificha kama mwizi.

Na kuna kitu kimoja kinanisumbua ndiyo sababu nawaandikia. Ile usiku ya vita, M23 walipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, sisi wote tulilala kwenye koridoo, hakuna dirisha pale, mabomu yanapiga hata unasikia mu tumbo. Giza totoro. Papa akaanza kutuhesabu kwa majina ili kila mtu aitike "niko". Akaita mimi, nikaitika. Akaita wa pili. Kisha akaita jina la tatu. Kimya. Akarudia tena lile jina, polepole, kama mtu anayeuliza. Mama akaanza kulia. Ndipo papa akapita kwa wa nne. Hakuna mtu kwetu ameshawahi kusema juu ya jambo hilo. Huyu papa ndiye Mei 2021, tulipokimbia volkano kwenda Sake, alikuwa anawaambia watu wote njiani muone huyu mtoto wangu, kwa sababu mdogo wangu ndiye alimbeba bibi mgongoni karibu njia yote.

Papa hajamtoa mu moyo, mimi nimesikia na masikio yangu. Lakini sijui nianzie wapi. Niitishe baraza la jamaa? Nimpeleke kwa shangazi yetu Bukavu? Ama nimrudishe tu nyumbani kwa nguvu, litakalokuwa liwe?

---

Baba_Kadutu (Bukavu)

Dada, pole na ya nyumbani. Mimi ni baba wa watoto 4 na nitasema kama baba, usikasirike. Papa wako ana uchungu wewe huuoni. Jina la baba yako mzazi si kitu cha kuchezea, kwetu ukimpa mtoto jina la mzee ni kama mzee amerudi, sasa huyo mzee anavaa robo, watu wanapita mbele ya parseli wanacheka, hata kanisani wanakuhamia benchi lingine. Mimi sikubali hayo mambo na sitadanganya hapa. Mtoto avumilie, aombe msamaha, avae kama wenzake akiwa nyumbani, papa atamrudisha. Mtu mmoja hawezi kuangusha jina la jamaa nzima.

---

Niko_Bkv

Yaya wa Ndosho, mimi ni kama mdogo wako. Nina miaka 34, nimeishi Bukavu karibu maisha yangu yote, na nimesoma maneno yako nikisimama kila mara kupumua.

Jibu langu ni fupi kwa lile swali la mwisho: USIMRUDISHE KWA NGUVU. Mimi walinirudisha. Mjomba aliitisha baraza, bia ikanyweka, wazee wakasema yameisha, papa akanishika mkono mbele ya wote. Usiku wa tatu walikuja wanne, na kati ya wanne wawili walikuwa kwenye lile baraza. Hadi leo sikio la kushoto halisikii vizuri. Baraza linaweza kufanya papa aone haya mbele ya watu, na mwanaume akioneshwa haya mbele ya watu, mdogo ndiye atalipa usiku.

Zungumza na papa peke yake. Na usianze na neno trans, yaani mtu anayejijua ni wa jinsia tofauti na ile waliyosema akizaliwa, wala jinsia wala nini, hayo maneno kwake ni kama maneno ya wazungu, masikio yataziba. Anza na ile koridoo. Mwulize tu, papa, usiku ule uliita majina mangapi? Kisha unyamaze. Akikufukuza, utoke, urudi siku nyingine.

Baba Kadutu, nakujibu kwa heshima. "Avae kama wenzake akiwa nyumbani" nilifanya hivyo miaka 11. Mtu anakuwa kama mgeni kwa kitanda chake. Nilikuwa nakula kwa haraka ili niondoke mezani mapema watu wasiniangalie mikono. Wewe unafikiri ni nguo tu.

---

Infirmie_Katindo (Goma)

Nafanya kazi ya uuguzi miaka mingi, nitasema upande wangu. Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili la kuwa trans kwenye orodha ya magonjwa ya akili, orodha mpya ilipitishwa Mei 2019 na ikaanza kutumika Januari 2022. Hakuna ugonjwa wa kutibu hapa, na kumfungia mtu siku 9 bila chakula na maji ya kutosha si maombi. Nimepokea watu waliotoka mu vyumba kama hivyo wakiwa wamekauka, figo zimeanza kushindwa. Na mtu aliyefunga muda mrefu hivyo usimpe mara moja sahani kubwa ya fufu na nyama, anza na uji mwepesi, kidogo kidogo, la sivyo anaweza kuanguka.

Jambo la pili, umwulize kwa upole kama anameza vidonge vya kupanga uzazi. Wengi wao wanavinunua sokoni, wanameza vitatu vinne kwa siku wakitafuta mwili ubadilike haraka. Ni hatari, damu inaganda mu miguu, inaweza kupanda mpaka kwenye mapafu, na ni mbaya zaidi kama anavuta sigara. Akivimba mguu mmoja wenye maumivu ao akikosa pumzi ghafla, hospitali saa hiyohiyo, na amwambie muganga ukweli wa alichomeza.

La mwisho, sikiliza maneno yake. Akianza kugawa vitu vyake, ao kusema "mtapumzika na mimi", usiseme ni hasira. Mwulize wazi kama anafikiri kufa. Kuuliza hakumpi wazo, kunamfungulia mlango. Na usimwache peke yake usiku huo.

---

Mwanasheria_Lshi (Lubumbashi)

Kidogo tu juu ya sheria maana watu wanadanganyana. Kwetu Kongo hakuna artikle, yaani kifungu cha sheria, inayosema kuwa trans ni kosa. Katiba ya 2006 artikle 40 inazungumza ndoa, mwanaume na mwanamke, basi. Wanachotumiaka polisi kutisha watu ni artikle 176 ya kodi penale, kitabu cha sheria za makosa, kuvunja maadili mbele ya watu, na wengi wanaitumia kuomba pesa tu. Upande mwingine, artikle 16 ya Katiba inasema mtu ni mtakatifu na hakuna anayeruhusiwa kutendewa ukatili. Kumfungia mtu mzima siku 9 bila ruhusa yake ni kosa, artikle 67 ya kodi penale, mwaka 1 mpaka 5, hata kama mlango umefungwa na mchungaji. Kwa wanaosoma hapa wenye watoto chini ya miaka 18: sheria ya tarehe 10 Januari 2009, artikle 160, kumshitaki mtoto uchawi ni mwaka 1 mpaka 3 jela.

Na hili papa wako alijue: kwa kodi ya familia, kitabu cha sheria za familia, watoto ni warithi wa kwanza, wanagawana robo tatu ya mali. Sakoshi kuwekwa nje ya parseli haimtoi mtoto kwenye urithi.

Lakini dada, hizo ni silaha za kuweka kabatini kwanza. Kwa hali ya Goma tangu Januari ile, sikushauri kukimbilia kesi. Mlinde mtu kwanza.

---

Mama_wa_Katuba (Lubumbashi)

Mutoto wangu Yaya wa Ndosho, mimi niko mama wa batoto 6 na nitaandika mara moja tu, sitarudia, kwa sababu ninaumia.

Mwana wangu wa ine alikuwa namna hiyo. Yeye alizaliwa musichana, akasema mama, mimi niko kijana. Alikuwa anajua kutengeneza radio, televizio, hata feri ya kupasi, kartie yote, mtaa wote wa Katuba, walikuwa wanamuletea. Baba yake alikuwa amekufa, kwa hiyo siwezi kusema ni baba alimufukuza. Ni mimi. Bandugu za bwana wangu walikuja wakasema huyu anatafutiwa bwana, akiolewa itaisha, wakapata mwanaume mwenye miaka 40 na kitu, wakaleta pombe ya kwanza na mimi nikapokea. Nilipokea na hii mikono. Usiku alinipigia magoti akanishika miguu, akasema mama ukikubali hii utaniua. Nikamuambia nenda ulale. Asubuhi hakukuwa mutu, alikuwa amepanga vitu vya bantu vyote alivyokuwa anatengeneza, kila kimoja na karatasi ya jina la mwenyewe, hakuiba hata bulo moja, ile bolti.

Ni miaka 8 sasa. Yuko Zambia, anafanyaka kazi vizuri, nasikia kwa dada yake. Anamupigiaka dada yake kila Jumapili. Mimi nikichukua telefone nikisema "allo, ni mama", hasemi. Hakati mara moja, hapana. Ninasikiaka pumzi yake. Pengine nahesabu mpaka kumi, ishirini. Kisha anakata. Jumapili yote mimi ninangojaka ile pumzi, nimekaa na bukari, ugali wangu, inapoa mbele yangu.

Baba wa Kadutu, weye ni baba, mimi ni mama, jina la jamaa yangu halikuanguka, liko pale, bantu wananisalimia kanisani na benchi yangu haihami. Ile jina inanisaidia nini.

Mwambie mama yako azitoe zile rasta mu sanduku. Mwambie azipeleke Birere yeye mwenyewe na mikono yake. Usimungojee papa tu. Bote munamuangalia papa, na mama naye alisimama pale akanyamaza, kama mimi.

---

Katekista_mstaafu (Bukavu)

Kwa wanaoleta Mungu kwenye kufukuza mtoto, someni Matendo ya Mitume sura ya 8, yule towashi wa Kushi. Mtu ambaye kwa sheria ya zamani hakuruhusiwa kuingia kwenye kusanyiko, akauliza kitu gani kinamzuia kubatizwa, na Filipo hakumpima chochote, akateremka naye majini. Na Roma yenyewe, Vatikani, mwisho wa 2023 iliandika kwamba mtu trans anaweza kubatizwa kama mwingine yeyote, mradi isilete kashfa kati ya waumini. Maaskofu wetu wa Afrika wamekataa kubariki ndoa za jinsia moja, hilo tunalijua, Kardinali Ambongo alitia sahihi Januari 2024, lakini hata barua ile ilisema watu hao watendewe kwa heshima. Mkasi wa kushonea mbele ya majirani si heshima.

---

Baba_Kadutu (Bukavu)

Mama wa Katuba, nimesoma mara mbili. Nimetoka nje kidogo nikarudi.

Bado mimi sielewi na sikubali, siwezi kujifanya nimebadilika kwa usiku mmoja. Lakini ile ya njaa siku 9, na vijana kumpasulia mtoto wa watu nguo njiani, hapana, hayo ni mabaya hata kwangu. Dada, kama mdogo wako anakuja Bukavu na anakosa mtu wa kumpokea porti, bandarini, usiku, mke wangu anauza samaki wa sambaza karibu pale. Aandike hapa, nitakupa alama. Hatutamuuliza maswali.

---

Niko_Bkv

Baba, asante. Nimelia kidogo.

Yaya, kama mnachagua Bukavu basi nisikilize vizuri. Shida kubwa ya njia ni karte ya elekteri, kadi ya mpiga kura, sura ya kwenye karte na sura ya mtu anayesimama mbele ya wanaokagua. Wakiona haifanani wanamtoa pembeni, na pembeni ndipo mabaya yote yanafanyika. Asafiri na nguo ambayo haisemi kitu, jampa pana, kofia, kitambaa cha baridi shingoni, kwenye ziwa kuna upepo hakuna atakayeshangaa. Asiweke perike mu sakoshi juu, aiweke chini ya unga ao mtu mwingine aibebe. Asisafiri peke yake, aende na mama mwenye umri, mwanamke mwenye mizigo na mdomo, wanaogopa sana wamama wa namna hiyo. Na shangazi umpigie WEWE kwanza, umwambie ukweli wote kabla mtu hajapanda boti. Usimwambie "anakuja kupumzika". Mimi nilipelekwa kwa ndugu bila kuambiwa wanampokea nani, nikalala nje siku ya pili.

Kuna watu hapa wanaotupokea, chama kidogo, siandiki jina wala kartie. Nitumie ujumbe wa pembeni.

---

Yaya_wa_Ndosho (Goma)

Wandugu, nimerudi. Asanteni, hata wewe Baba Kadutu.

Nilimsomea mama maneno ya Mama wa Katuba jikoni, yeye hajui kusoma vizuri. Nilisoma yote, ile ya magoti, ile ya pumzi. Alikuwa anatwanga sombe, hakusimama, akaendelea kutwanga hata nilipomaliza, akatwanga mpaka majani yakawa maji. Kisha akaosha mikono akaenda chumbani. Jana alasiri tulipanda moto, yaani pikipiki, moja wote wawili mpaka Birere. Alibeba sufuria kwenye magoti, na ile sashe kwenye kifua ndani ya bluzi.

Mdogo wangu alifungua mlango akadhani nimekuja peke yangu kama siku zote. Sitaandika yote, ni yao. Mama hakuomba msamaha kwa mdomo, sijui kama anajua kuomba msamaha kwa mtoto. Alikaa kitandani akamwambia "geuka", mdogo wangu akakaa chini kati ya miguu yake, nywele zimeshaota kidogo, na mama akaanza kumsuka. Zile rasta za zamani zilikuwa zimeharibika, hazikushika. Akasuka zilezile fupi. Tulikaa mpaka giza. Wakati wa kuondoka alimwita "mwanangu", na hilo nalo, kwa Kiswahili chetu, halichagui.

Papa bado. Nilimwuliza lile swali la koridoo asubuhi akiwa ananyoa. Hakujibu, akaendelea kunyoa shavu moja tu muda mrefu sana. Leo ameuliza sufuria kubwa iko wapi, mama akamwambia iko Birere. Amenyamaza, hakufukuza mtu.

Shangazi wa Bukavu nimempigia, nimemwambia ukweli, amesema anahitaji siku tatu za kufikiri na kuzungumza na bwana wake. Nangoja. Mdogo wangu anasema akikubaliwa anataka kwenda, anaogopa wale vijana wa parking. Infirmie wa Katindo, nilimwuliza ile ya vidonge, anameza kweli, viwili kwa siku, na mguu wa kulia unamwuma tangu Jumatatu. Nimekuandikia pembeni, tafadhali jibu leo.